Njia ya mwongo si fupi

Tangu shule ya msingi tumeimbishwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Mwalimu aliiandika ubaoni, tukainakili daftarini, tukaipachika katika kila insha tuliyotaka itupe alama. Leo nataka kuipinga methali hii, na walimu wangu wa Kiswahili wanisamehe.

Njia ya mwongo haina urefu wake yenyewe. Urefu wake tunaupima sisi tunaomsikiliza. Penye macho, ni hatua mbili. Pasipo macho inaweza kufika miaka 20, na huko mbele nitawaonyesha ya miaka 20 kamili, bila kutia chumvi.

Hoja yangu naisema mapema, ili anayetaka kubisha aanze kujipanga. Tatizo letu si kwamba watu wanadanganya. Watu wamedanganya tangu Adamu. Tatizo ni kwamba tunajenga mifumo ya pesa, ya kura na ya kazi inayodai kuaminiwa huku imefunga mlango wa kukaguliwa. Mtu anayekwambia "wewe niamini tu" huku amelikalia daftari hajakuomba imani. Amekuomba ufumbe macho.

Haya, twende taratibu.

Kwa nini watu hudanganya?

Ukiuliza mitaani utaambiwa kwamba watu hudanganya kwa sababu wana roho mbaya. Jibu hilo ni jepesi mno. Mimi naona sababu tatu, na roho mbaya si kubwa kati yazo.

Ya kwanza ni kurahisisha maisha. Rafiki yako anasema, "Niko hapa Ngara, nafika saa hii," nawe unajua fika bado yuko Roysambu anatafuta soksi ya pili. Makanga anaapa kwamba wamebaki abiria wawili tu gari liondoke, na ukiingia unakuta mko watano. Sisi wa programu tuna wetu: "Kazi imefika asilimia 90." Aliyewahi kuandika programu anajua kwamba ile asilimia 10 iliyobaki ndiyo kazi yenyewe. Uongo wa aina hii hauvunji nyumba, kwa kuwa kila mtu anaujua na ameshauwekea punguzo lake kichwani.

Ya pili ni faida. Tangu M-Pesa ianze mwezi Machi 2007, matapeli wamejifunza kuandika kama M-Pesa. Ujumbe unaingia: umepokea Ksh 3,500 kutoka kwa fulani. Dakika mbili baadaye simu inalia, sauti ya mtu mnyonge: "Samahani ndugu yangu, nilikuwa namtumia mama pesa za dawa, nikakosea namba. Nirudishie tafadhali." Unarudisha. Ukiangalia salio unakuta hakuna kilichoingia. Umetoa pesa zako mwenyewe mfukoni ukampa mwizi, tena ukamwambia pole.

Mwizi huyu hakuvunja nenosiri lolote. Hakugusa seva yoyote. Alitumia vitu viwili ambavyo hakuvijenga yeye: imani uliyo nayo kwa ujumbe wa M-Pesa, na huruma uliyolelewa nayo. Kama M-Pesa ingekuwa haiaminiki, ujumbe ule usingemdanganya hata mtoto. Hakuna anayechapisha noti bandia za pesa zisizo na thamani.

Ya tatu ni hofu, na hii ndiyo kubwa kuliko zote. Miaka michache iliyopita kikundi kimoja cha kuweka na kukopa kiliniita nikiandikie programu ya kutunza michango. Meneja wao, mzee mpole na wa heshima, alinivuta kando.

"Kijana, niwekee mahali ambapo mimi peke yangu naweza kubadilisha hesabu zilizokwisha kuingizwa. Na isionekane kwamba zimebadilishwa."

"Mzee, kwa nini isionekane?"

Hakukasirika. "Karani anakosea, kijana wangu. Wanachama wakiona marekebisho watasema tumekula pesa. Watu hawa wanaogopesha."

Nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Hakuwa mwizi, alikuwa na hofu. Lakini tazameni alichokuwa anaomba: mtambo wa kudanganya, ujengwe kwa nia njema, utumiwe na mtu mwaminifu, kisha ubaki pale ukimngoja meneja atakayekuja baada yake. Nilimwambia kwamba mhasibu hafuti. Akikosea anaandika mstari mwingine wa kusahihisha ule wa kwanza, na yote miwili inabaki leja ikionekana. Alinisikiliza vizuri, kisha kazi akampa mwingine. Haidhuru.

Kupe na ng'ombe

Lugha yetu ina siri hapa. Amini, imani, uaminifu, amana: yote ni mti mmoja. Anayeamini, anayeaminiwa na kile kitu kilichowekwa mikononi mwake vimefungwa kwa neno moja. Uongo hauna mti kama huo. Uongo ni kupe. Hawezi kuishi bila ng'ombe, na kadiri ng'ombe alivyonona ndivyo kupe anavyoshiba.

Ndiyo maana mwongo hodari huanza kwa kunenepesha ng'ombe. Ipo programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, ambayo inakaa ndani ya karibu kila kompyuta ya Linux. Ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja aliyechoka, akifanya kwa kujitolea. Akajitokeza mwingine aliyejiita Jia Tan. Kwa zaidi ya miaka miwili alisaidia, akarekebisha kasoro, akajibu watu kwa adabu, mpaka akapewa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Mapema mwaka 2024 akapenyeza mlango wa siri ambao ungempa ufunguo wa seva nyingi mno duniani. Miaka miwili ya ukweli kwa ajili ya siku moja ya uongo!

Alinaswaje? Mhandisi mmoja, Andres Freund, alikuwa anapima kasi ya hifadhidata akaona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Nusu sekunde tu. Akachimba. Kwa kuwa xz ni programu huria, hakuhitaji barua ya ruhusa kutoka kwa mtu yeyote. Tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu alichokuta. Tangu toleo lenye mlango litoke, ilikuwa imepita kama wiki tano, na seva nyingi zilikuwa bado hazijalipokea.

Hiyo ndiyo njia fupi. Sasa tazama ile ndefu.

Miaka 20 ya "kompyuta haikosei"

Mwaka 1999 Posta ya Uingereza ilianza kuweka katika matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, kazi ya kampuni ya Fujitsu. Matawi mengi yaliendeshwa na watu wa kawaida, wenye vijiduka katika miji midogo na vijijini. Mara kompyuta ikaanza kuonyesha upungufu. Leo pauni elfu moja, kesho elfu nne. Mkataba ulisema wenye matawi walipe. Waliopiga simu kuuliza, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulifanya kazi nzuri sana, kwa sababu mtu anayedhani yuko peke yake huanza kujishuku mwenyewe.

Waliuza nyumba kulipa madeni ambayo hayakuwapo. Zaidi ya 900 walihukumiwa kwa wizi, ulaghai na hesabu za uongo. Wengine walifungwa. Wengine walijiua. Na wakati wote huo Posta ilikuwa ikisema kwamba mfumo ni imara, na kwamba hakuna mtu anayeweza kuingia kwa mbali na kugusa hesabu za tawi.

Mwezi Desemba 2019, katika kesi ya walalamikaji 555 iliyoongozwa na Alan Bates, Mahakama Kuu iliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu, na kwamba hesabu za tawi ziliweza kuguswa kwa mbali. Bunge lilipitisha sheria ya kuwafutia watu hukumu kwa jumla mwezi Mei 2024. Hesabu mwenyewe: 1999 mpaka 2019. Iko wapi sasa ile njia fupi?

Kinachoniuma mimi kama mtu wa fani hii ni jambo moja la kisheria. Zamani, England na Wales, aliyeleta ushahidi wa kompyuta kortini alitakiwa kuonyesha kwamba kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Kifungu hicho kilifutwa na sheria ya mwaka 1999, ule ule mwaka Horizon ilipoingia. Ikabaki dhana kwamba kompyuta iko sawa mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Mwenye kijiduka athibitishe vipi, na msimbo umefungiwa kwa Fujitsu? Mashine ilipewa imani ambayo binadamu alinyimwa.

Kumbuka pia kwamba mfumo wenyewe haukudanganya. Kompyuta haina hofu, haina tamaa. Ilikosea tu. Waliodanganya ni watu waliojua au walioshuku kwamba imekosea, wakaogopa kusema. Ni hofu ile ile ya mzee wangu wa kikundi, ila hii ilikuwa na mawakili.

Na kwetu?

Mwaka 2017 Wakenya wengi walijifunza neno "seva" kabla ya kujua ni kitu gani. Uchaguzi wa tarehe 8 Agosti ulipopingwa, Mahakama ya Juu iliamuru tume ya uchaguzi iwaruhusu walalamikaji kutazama seva zake. Kutazama tu, si kugusa. Tume haikutimiza agizo hilo ipasavyo. Mahakama ikasema kwamba kukataa huko kunaipa haki ya kudhani kwamba madai ya walalamikaji yana ukweli. Tarehe 1 Septemba 2017, majaji 4 kwa 2, uchaguzi wa urais ukafutwa.

Sisemi nani alishinda 2017. Hilo si la leo, na kila mtu ana lake moyoni. Ninasema hivi: mlango ukifungwa, mkweli na mwongo wanafanana. Hata kama ndani ya seva zile kulikuwa na ukweli mtupu, kufuli liliufanya ukweli huo usiwe na faida kwa yeyote.

Mwaka 2022 tume ilifanya jambo tofauti. Fomu za 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni, wazi, mtu yeyote apakue. Vyombo vya habari vikajumlisha. Vijana wenye bando na laptopu wakajumlisha. Je, ugomvi uliisha? La hasha. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo hadharani, na kesi ikaenda mahakamani. Lakini safari hii madai kwamba fomu zilibadilishwa njiani yalikuwa na mahali pa kupimiwa. Fomu za mtandaoni zililinganishwa na za karatasi, na mahakama haikuona tofauti za maana. Tarehe 5 Septemba 2022 majaji wote saba waliyathibitisha matokeo.

Waliosikitika walisikitika, waliofurahi walifurahi. Ila ona: hakuna aliyehitaji kuipenda tume ili apate jibu. Huo ndio ukaguzi ninaoupigania.

Wanaobisha

Wapo watakaosema: huwezi kukagua kila kitu. Kweli kabisa, na aliyeeleza hilo vizuri kuliko wote ni Ken Thompson, mmoja wa waundaji wa Unix. Katika hotuba yake ya mwaka 1984 alionyesha kwamba hata ukisoma msimbo wote mstari kwa mstari, bado ile programu inayougeuza kuwa lugha ya mashine inaweza kuficha mlango usioonekana popote katika ulichosoma. Mahali fulani lazima uamini.

Nakubali. Lakini hoja hiyo haimruhusu mtu kufunga kila mlango. Mimi sijasoma msimbo wa xz, na sina mpango wa kuusoma. Inanitosha kwamba Freund aliweza, na kwamba hakuwa na sababu ya kumfichia mtu. Imani nzuri si ya kukagua kila kitu mwenyewe. Ni ya kujua kwamba mwongo hana uhakika nani anamwangalia, na lini.

Hilo la "lini" Volkswagen walilijua vizuri. Programu ndani ya magari yao ya dizeli iliweza kutambua kwamba gari liko kwenye kipimo cha maabara. Hapo injini ilijiheshimu. Barabarani ilimwaga sumu hata mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Magari kama milioni 11. Walinaswa mwaka 2015, baada ya watafiti wa chuo kikuu cha West Virginia kufunga vipimo kwenye gari na kuliendesha barabarani kama watu wengine. Ukaguzi ambao mkaguliwa anajua saa na mahali pake ni maigizo.

Wengine watasema: kukagua ni dharau, ukinipenda utaniamini. Hawa ninawapeleka kwa kina mama wa chama. Katika vyama vingi vya vijijini sanduku la pesa lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote, jumla inatajwa kwa sauti, na mkutano ujao wanaanza kwa kukumbushana ile jumla. Ni majirani hao, ni mashemeji, wamezikiana na kuozeshana. Hakuna anayenuna kwa sababu ya kufuli. Wanahesabu hadharani ili kesho wasije kushukiana. Kufuli tatu ndizo zinazolinda undugu wao.

Na hapa ndipo ninapoielewa ile methali. Wazee waliosema njia ya mwongo ni fupi waliishi mahali ambapo kila mtu alimwona kila mtu. Ukisema ulikuwa shambani, jirani alikuwa shambani. Hawakukosea. Ni sisi tuliochukua methali ya uwanja wa wazi tukaipeleka kwenye chumba cha seva chenye mlango wa chuma, tukategemea ifanye kazi yenyewe.

Maswali matatu

Basi atakapokuja mtu na mfumo, awe serikali, benki, shule au kampuni ya mikopo ya simu, usimuulize kama ni mwaminifu. Atasema ndiyo. Muulize haya:

1. Nani anaweza kubadilisha kilichokwisha kuandikwa, na akibadilisha, alama inabaki? Kama jibu ni "msimamizi anaweza, wala haionekani", shika njia. Ufundi wa kuacha alama si mgeni. Git, iliyoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hufunga kila badiliko kwa alama inayotokana na lile lililotangulia, hata ukigusa la nyuma, yote yanayofuata yanakusema.

2. Nani asiye na maslahi anaweza kukagua, bila kuomba ruhusa na bila kupangiwa siku?

3. Mfumo ukisema hivi nami nikisema vile, nani anabebeshwa mzigo wa kuthibitisha? Kama ni mimi, na msimbo mmeufungia, basi mmeniandalia Horizon yangu.

Ukaguzi pia lazima uwe rahisi, la sivyo hakuna atakayejisumbua. M-Pesa waliweka huduma ya kukuonyesha jina la unayemtumia kabla pesa hazijaondoka, wakaiita Hakikisha. Neno moja, sekunde chache. Na yule mnyonge wa Ksh 3,500? Mwambie apeleke ujumbe wake 456, Safaricom wamrudishie. Aliyekosea kweli atashukuru. Tapeli atakutukana. Umeshampata.

Kwa wenzangu tunaoandika programu nina neno la mwisho. Siku moja mtu wa heshima, mwenye nia njema, atakuomba kitufe cha kufuta bila kuacha alama. Atakuwa na sababu nzuri, na wewe utakuwa na kodi ya nyumba. Kumbuka kwamba mtu huyo ataondoka siku moja, na kitufe kitabaki. Nawe ndiye utakuwa umemjengea barabara mwongo ambaye bado hata hajaajiriwa.

Anayeona nimekosea, abishe. Ila aje na daftari wazi.